Tunafunga Misitu, Shoka Linahama

Anayetaka kununua kitanda Nairobi bila kuingia dukani huenda Barabara ya Ngong. Kuanzia karibu na Dagoretti Corner hadi sehemu za Racecourse, vitanda, kabati na makochi yasiyovishwa kitambaa hupangwa kando ya lami, na nyuma yake mafundi wanapiga randa na msasa tangu asubuhi. Muulize fundi bei, atakutajia moja kisha ataishusha. Muulize aina ya mti, atajibu bila kusita: hiki saipresi, kile mvule, hicho cha kule ndani mahogani. Sasa muulize hiyo mahogani imetoka wapi.

"Kongo, mkubwa."

Kongo sehemu gani?

"Kongo tu."

Fundi huyo hafichi kitu. Ndivyo alivyoambiwa kwenye yadi alikonunua, na mwenye yadi ndivyo alivyoambiwa na mwenye lori. Kwa miaka mingi serikali zetu zimekuwa zikifunga misitu na kuifungua, zikitangaza marufuku na kuyaondoa, lakini hakuna aliyesimama mlangoni pa yadi ya mbao akauliza swali hilo na kudai jibu lenye jina la mahali. Kwa sababu hiyo kila tunapofunga msitu mmoja, jiji hili halipunguzi hata ubao. Shoka linahamia msitu wa mbali zaidi, ambako Mkenya halisikii.

Miji mingi iliyokua kwa mbao iliota kwenye maji. Chicago, katikati ya karne ya 19, ilikuwa soko la mbao lililohesabiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani, na meli kutoka misitu ya Michigan na Wisconsin zilikuwa zikipanga mstari mtoni hadi ndani ya mji. Kinshasa bado iko hivyo. Magogo hufungwa pamoja kwa minyororo, au hupakiwa kwenye matishari, yakateremka na mto kutoka majimbo ya juu kwa wiki nyingi, huku juu yake watu wanapika, wanauza samaki na kulea watoto. Shehena ya namna hiyo haifichiki. Kila kijiji kwenye ukingo huona msitu ukipita.

Sisi pia tulikuwa na biashara yetu ya maji, ila ilikuwa ya bahari. Mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji ilikatwa, ikafungwa korija korija, yaani miti 20 kwa 20, ikapakiwa kwenye majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Soko lake lilikuwa Arabuni na Ghuba, kwenye miji isiyo na miti. Ni biashara ya kale mno: Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanji, ambayo ndiyo pwani yetu. Miaka 1,000 baadaye, mwaka 1939, baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait hadi Rufiji, na walichokifuata huko kilikuwa kilekile, boriti.

Biashara ile ilikuwa na lugha yake. Mti mwembamba kabisa ni fito, unaofuata ni pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe, kisha nguzo, na kila kipimo kina bei yake na kazi yake ndani ya nyumba. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait vilifanana navyo. Mwenye nyumba wa Kuwait hakuwa amefika Lamu, lakini nahodha alijua mkono gani wa bahari umekatwa, na mnunuzi alimjua nahodha.

Sisemi kwamba biashara hiyo ilikuwa safi. Mikoko ilikatwa kupita kiasi, na walioikata, wakizama matopeni hadi magotini, walipata kidogo kuliko wote. Lakini serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, amri ilikuwa na mahali pa kushika: jahazi lina forodha, forodha ina daftari, na shehena ya boriti huionea mbali. Isitoshe, Ghuba wakati huo ilikuwa na pesa za mafuta na ilikuwa inajenga kwa chuma na zege.

Nairobi haikubahatika kuwa na maji ya namna hiyo. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukashuka kupitia viunga vya magharibi hadi Chiromo na katikati ya jiji, na kiangazi unaweza kuuvuka bila kulowesha magoti. Mto pekee ambao wakoloni waliujaribu kwa dhati ni Tana. Mwaka 1891 Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilimtuma Kamanda Dundas na meli ndogo iliyoitwa Kenia, akafika Hameye. Haikuzaa njia ya biashara. Wapokomo waliendelea na mitumbwi yao, na Kenya ya bara ikasubiri reli.

Kwa hiyo mto wa Nairobi ulikuwa wa chuma. Reli ilifika hapa Mei 1899, na jambo la kushangaza ni kwamba mataruma yake mengi yalikuwa ya chuma pia, kwa kuwa mchwa wangemaliza ya mbao. Njaa ya reli ilikuwa kwenye injini. Injini zilichoma kuni. Kanuni za misitu za mwaka 1897, ambazo ni miongoni mwa sheria za kwanza kabisa za misitu katika nchi hii, ziliuweka ukanda wa msitu kandokando ya njia chini ya usimamizi wa reli yenyewe. Fisi alikabidhiwa bucha kabla nyama haijafika. Misitu ya Ngong na Karura, yenye mihugu, mitarakwa na mizeituni mwitu, ilikuwa hatua chache kutoka kituoni, na ikawa ghala la kuni.

Ukienda kwenye makumbusho ya reli hapo karibu na kituo cha zamani, utaikuta Mount Gelai, injini namba 5918, jitu la miaka ya 1950. Wageni hupiga picha magurudumu yake. Mimi huangalia kwamba ilichoma mafuta mazito, maana yake ni kwamba kufikia zama zake reli ilikuwa imeshaachana na kuni. Msitu ulipumua kwa sababu wenye injini walipata kitu kingine cha kuchoma. Katika historia nzima ya mbao za jiji hili, hilo ndilo punguzo la kweli ninalolijua, na lilifanyika upande wa mlaji.

Mtu aliyeonja mapema utamu wa mbao za reli ni Ewart Grogan. Vitabu humsifu kwa kutembea kutoka Rasi hadi Cairo kati ya 1898 na 1900. Alipokuja Kenya alikuja na mfanyabiashara wa mbao aitwaye Lingham, wakapewa na serikali ya kikoloni haki ya kukata msitu mkubwa upande wa Eldama Ravine, mahali ambapo mbao zingeweza kushushwa kwa treni. Alijenga jumba lake Chiromo, ambako leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Alimiliki pia ardhi ya kinamasi kando ya mto katikati ya mji, na barabara iliyopita hapo ikaitwa kwa jina lake hadi ilipobadilishwa kuwa Kirinyaga Road. Mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Chiromo nyingine iko Malawi, bandari ndogo ya mto Shire ambako Grogan alipita katika safari yake, na kule mizigo kweli ilisafiri kwa maji.

Msitu wa Barabara ya Ngong ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, ukiwa na hekta karibu 2,900. Leo umebaki na hekta 1,200 na kidogo. Sehemu zilizotoka ziligawiwa shule, uwanja wa maonyesho ya kilimo, makazi na mambo mengine ambayo kila moja lilikuwa na sababu yake nzuri siku lilipopitishwa. Kisha ikaja Southern Bypass ikakata katikati. Sasa fikiria fundi wa Racecourse: ng'ambo ya barabara yuko jirani na msitu uliozungushiwa ua, wenye miti ya aina iliyowahi kuwa sakafu za majengo ya mji huu, kwa maana mhugu ulikuwa ukisifika kwa parke isiyochakaa kwa miguu ya watu. Hawezi kuugusa, na ni vyema asiuguse. Mbao yake imetoka umbali wa zaidi ya kilomita 1,000.

Kabla ya Kongo kulikuwa na hatua ya kati, nayo ndiyo tuliyoizoea wengi wetu. Wakoloni walipanda saipresi na misonobari kutoka Mexico, na mikaratusi kutoka Australia, kwenye nyanda za juu: Kinale, Uplands, Molo, Elburgon, Timboroa. Wafanyakazi wa misitu walipewa vipande vya kulima mahindi na viazi katikati ya miche hadi miche iwafunike, ndio utaratibu wa shamba ambao tunaubishania hadi leo. Mji kama Elburgon ulikua kwa viwanda vya kupasua mbao. Paa nyingi za Nairobi, pamoja na za mitaa ya Kawangware na Kangemi ambako nyumba ya mbao na mabati bado ni nyumba ya watu, zinatokana na mashamba hayo ya miti.

Mwaka 1999 serikali ya Moi ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, lakini kampuni kubwa tatu, Pan Paper, Raiply na Timsales, zikaruhusiwa kuendelea. Mwenye msumeno mdogo akafunga, mwenye kiwanda akabaki peke yake sokoni. Februari 2018 yalitangazwa marufuku mengine, ya siku 90, na aliyeyatangaza ni naibu rais wa wakati huo, William Ruto. Siku 90 zikawa zaidi ya miaka mitano. Julai 2023, Ruto huyohuyo, sasa akiwa rais, akatangaza kwamba yameondolewa, akisema ni upumbavu kuacha miti iliyokomaa ioze huku watu wakikosa kazi. Wanasheria wakakimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikasimamisha tangazo hilo.

Ninaweza kuwaelewa wote wawili, Ruto wa 2018 na Ruto wa 2023. Mwaka 2018 mito ilikuwa imekauka na hasira ya watu ilikuwa ya haki. Mwaka 2023 saipresi iliyopandwa ili ivunwe ilikuwa imepitisha umri. Nisichoweza kuelewa ni kwamba katika matangazo yote mawili jiji halikutajwa. Misitu ilizungumzwa kana kwamba inajikata yenyewe.

Katika miaka hiyo mitano ya marufuku, Kilimani, Kileleshwa na Lavington ziligeuka. Nyumba za ghorofa moja zenye bustani zilibomolewa, yakasimama majengo ya orofa 12 na zaidi. Kila sakafu ya zege, kabla haijakauka, hushikiliwa kutoka chini na nguzo nyingi za mikaratusi zilizosimamishwa wima, na huzingirwa na mbao za saipresi ambazo hutumika mara chache tu kisha zikawa kuni za kuchemshia githeri ya vibarua. Hizo mbao hazionekani katika jengo lililokamilika, wala hakuna tangazo la nyumba linalozitaja. Marufuku hayakusimamisha ujenzi hata wa jengo moja. Wakulima waliuza mikaratusi na mikima ya mipakani mwa mashamba, mingine ikiwa bado michanga. Misonobari ya Mafinga ikavuka mpaka kutoka Tanzania. Uganda ikatuma yake. Mahogani ikazidi kuja kutoka Kongo, na Elburgon ikabaki na vijana wasio na kazi.

Utafiti wa wizara ya mazingira wa mwaka 2013 ulikuwa umeshatuambia. Kenya ilihitaji mita za ujazo milioni 41.7 za mazao ya miti kwa mwaka, na ilikuwa na milioni 31.4. Sehemu kubwa ya hayo ni kuni na makaa, si mbao za fundi, lakini pengo la milioni 10.3 haliwezi kufungwa kwa kufunga lango la msitu.

Mbao ya Kongo inayofika Ngong Road, mara nyingi chanzo chake ni misitu ya Ituri na Kivu Kaskazini, kwenye njia ya Mambasa, Komanda na Beni. Mvua inayonyesha Mambasa huingia mto Ituri, ambao baadaye huitwa Aruwimi na kuungana na mto Kongo pale Basoko. Maji hayo yanakwenda Bahari ya Atlantiki. Kisangani, ambako maporomoko ya Boyoma yanaishia, matishari yanaweza kushuka kilomita 1,700 hivi hadi Kinshasa. Kwa mujibu wa maji, basi, mti wa Mambasa ni wa Kinshasa. Lakini unakuja kwetu. Unapasuliwa hapohapo msituni kwa msumeno wa mashine unaoshikwa mkononi, mbao zinabebwa vichwani hadi barabarani, zinapakiwa lori, zinavuka Kasindi na Mpondwe, zinakatiza Uganda nzima na kuingia Kenya kwa Busia au Malaba. Bei ya Nairobi ina nguvu ya kuupandisha mti mlima kinyume na mto wake.

Huko zinakotoka kuna sheria. Kongo ina kibali cha mkataji mdogo, ambacho kwa sheria ni cha raia wa nchi hiyo. Kuna pia vita, na mtu anayekata mti Ituri au Beni anaweza kulipa mtu mwenye bunduki kabla ya kulipa mtu mwenye muhuri. Lori likifika Malaba makaratasi yote yanaweza kuwa sawa. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na tukiwa jumuiya tumejadili sana ushuru wa mizigo hiyo. Kuhusu msitu ilikotoka, kimya.

Kuna kinaya kinachonikera zaidi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayomtaka anayepeleka kahawa, kakao au mbao huko athibitishe kwamba shamba halikutokana na msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji umeahirishwa, lakini maandalizi yalianza, na mkulima wa kahawa wa Nyeri au Kirinyaga akaambiwa shamba lake la robo ekari lazima lionekane kwenye ramani. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika kuhusu gharama. Hata hivyo tunakubali kwamba mnywaji kahawa wa Hamburg anaweza kujua kikombe chake kimetoka kijiji gani, ilhali mtu wa Lavington anayelipa pesa nyingi kwa meza ya mahogani hawezi kujua hata mkoa.

Najua jibu la haraka: makaratasi yataua jua kali. Ni jibu lenye uzito. Mafundi wa Ngong Road wamehamishwa mara nyingi kwa ajili ya upanuzi wa barabara, wameona vibanda vikibomolewa usiku, na kila askari wa kaunti anayepita ana sababu mpya ya kuomba kitu kidogo. Ukimwekea fundi sharti la kuthibitisha chanzo cha mbao, umemwongezea askari mwingine. Kwa hiyo mzigo usiwekwe kwake. Uwekwe kwa yadi inayopokea lori. Yadi hizo si nyingi kama mafundi, zina majina, zina leseni, zina mahali zinapokaa. Tayari mbao za humu nchini haziruhusiwi kusafirishwa bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu. Namba ya kibali hicho, au ya hati ya forodha kwa mbao za nje, iandikwe kwenye risiti anayopewa fundi, pamoja na jina la wilaya au eneo la msitu. Fundi ataishikiza ukutani, na mnunuzi akiuliza atamwonyesha.

Itapandisha bei? Mahogani, ndiyo, na sioni ubaya wake. Mahogani ya rahisi ni rahisi kwa sababu kuna mtu Ituri hakulipwa. Saipresi ya shamba la umma, ikivunwa kwa mpango na kupandwa upya, haina sababu ya kupanda. Huenda ikashuka ikiwa mashamba yaliyokomaa yatafunguliwa kwa mnada ulio wazi, bila orodha ya kampuni teule kama ya 1999. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka marufuku ya milele. Msaipresi wa Kinale ulipandwa uwe paa. Ukiuacha uanguke, paa litatoka kwingine, na huko kwingine huenda mti uliokatwa ulikuwa na umri wa miaka 200 na hakuna aliyeupanda.

Serikali haihitaji kusubiri mtu yeyote ili ianze. Mpango wa nyumba za bei nafuu unanunua milango kutoka kwa mafundi wa jua kali, na ni mojawapo ya mambo ya maana ambayo mpango huo umefanya, kwa sababu pesa inafika kwa watu wenye randa mkononi. Ni milango mingi, mnunuzi ni mmoja, na mnunuzi huyo ndiye pia mwenye misitu ya umma, mwenye forodha ya Malaba na mwenye mahakama. Katika zabuni ijayo ya milango, kipimo cha upana, urefu na unene kiandikwe kama kawaida, na chini yake mstari mmoja zaidi: mbao hii imekatwa wapi. Yadi zinazouzia mafundi hao zitalazimika kuwauliza wenye malori, na wenye malori watalazimika kuuliza huko walikopakia.